Uliza Fundi: Tela la mizigo likigeuzwa chumba cha kulala

Mwezi huu barua zenu nyingi zinazunguka jambo moja: tela dogo la mizigo, na namna ya kuligeuza liwe mahali pa kulala safarini. Nimechagua tano. Naanza na ile ambayo jibu lake ni refu, maana aliyeiandika anafanya kazi ambayo Tabora nzima inaifahamu, na mengi nitakayomwambia yanawahusu na wengine.

Mwangaluka, fundi. Mimi ni mfuga nyuki wa Sikonge. Nina Hilux na tela la futi sita kwa nne ambalo nabebea mizinga na ndoo za asali. Msimu wa kurina tunakaa msituni siku nyingi, mimi na mdogo wangu, na hema letu limechoka. Mchana mbung'o, usiku umande. Nataka nilijengee tela lile bodi ya kulala. Nianze na nini, na nitumie bati gani? (Mfuga nyuki, Sikonge)

Mwangaluka, ndugu yangu, na pole na msimu. Bati tutalifikia, ila tela halianzi na bati. Linaanzia chini kwenye magurudumu, pale ambapo wateja hawapendi kutoa hela kwa sababu hapaonekani. Tela la mizigo likiharibika porini, unashusha mizinga, unalala kwenye gari, kesho yake unamfuata fundi. Likiharibika likiwa ndilo nyumba yenu, mmekwama na nyumba.

Piga jeki upande mmoja hadi tairi liachane na ardhi. Lizungushe kwa mkono, tega sikio. Tairi zima huzunguka kimya. Ukisikia linakwaruza, beringi imekwisha. Kisha lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi inataka kukazwa au kubadilishwa. Ukimaliza hapo fungua kile kikofia cha katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, uangalie grisi. Juzi nimefungua tela la mfugaji mwenzako, lililokuwa likivushwa kwenye maji masika yote, grisi imepauka hadi nyeupe. Grisi ya rangi hiyo ina maji ndani yake. Nilipoifuta kwa kitambaa, vigololi vilikuwa vimeshaanza kuliwa na kutu, madoa madogo ya kahawia ambayo ukipitisha ukucha unayahisi. Mwenye tela alikuwa amekuja kuniuliza rangi ya mapazia.

Kwa hiyo osha habu kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha pakia grisi mpya kwa kiganja ukiisukuma ndani ya beringi hadi itokee upande wa pili. Sili weka mpya, usirudishe ya zamani. Nunua na seti moja ya akiba, beringi na sili zake, uziweke kwenye kisanduku cha tela zisitoke humo. Na kama mfuko unaruhusu, mwambie fundi akufungie habu zinazopokea rimu za Hilux yako, ili tairi moja la akiba liokoe gari na tela.

Sasa uzito, na hapo ndipo bati linapoingia. Bodi ya futi sita kwa nne yenye kimo cha futi nne ina kuta na paa za kama mita za mraba 9.5. Ukiziba zote kwa bati la chuma la milimita 1.5, umeshaweka zaidi ya kilo 110 kabla ya fremu, kabla ya godoro, kabla yenu wawili kuingia. Aluminiamu ya unene huohuo inakaribia kilo 40. Plaiwudi ya milimita 9 inakaribia 50. Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na mimi hicho ndicho kipimo ninachokishika hata kwetu, kwa sababu breki za Hilux ndizo zitakazosimamisha vyote viwili mteremkoni.

Ushauri wangu: fremu ya skwea paipu ya inchi moja, nje aluminiamu ukiipata, ukikosa bati jepesi, ndani plaiwudi nyembamba, na katikati lile povu jeupe gumu linalokuja na maboksi ya friji. Povu hilo linashika moto haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo maliza kuchomelea kila kitu kwanza, hata bawaba ya mwisho, ndipo ulipange. Chipbodi, na zile mbao za vumbi lililoshindiliwa, usiziguse. Zikipata unyevu zinavimba na skrubu zinatoka zenyewe. Mninga ni mti wetu na hakuna anayeupenda kuliko mimi, lakini uache ukae kwenye kitanda cha nyumbani. Tela linataka mbao nyepesi za paini zilizotiwa dawa.

Bodi usiichomelee moja kwa moja kwenye tela. Ifunge kwa boliti, kila boliti na washa ya mpira chini yake. Msimu ukiisha mnalegeza nati, vijana wanne wanainyanyua bodi na kuipumzisha juu ya magogo, tela linarudi kubeba mizinga.

Angalia mtego wa godoro. Dukani kuna godoro la futi nne kwa sita, tela lako nalo ni futi nne kwa sita, na unaona hesabu imekaa. Haikukaa. Skwea paipu inakula inchi moja kila upande, plaiwudi nayo inakula yake, na upana wa ndani unapungua karibu sentimita 7. Godoro linapanda katikati kama mgongo wa ng'ombe na ninyi wawili mnaviringika ukutani. Panua bodi ipite juu ya madigadi, kushoto na kulia, na mbele isogeze juu ya drobaa, ule mkono wa tela unaofungwa kwenye gari, kwa futi moja ili mrefu kati yenu anyooshe miguu. Kabla ya kuziba hiyo sehemu ya mbele, funga tela kwenye gari, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili na urudi nyuma polepole, uone kona ya bodi inapita mbali kiasi gani na bodi ya gari.

Kimo cha futi nne kinakutosha kukaa kitako juu ya godoro bila kuinamisha kichwa. Msizidishe. Bodi ndefu inashika upepo na kugonga matawi ya mitundu njiani, na ninyi mnataka mahali pa kulala. Kuvaa suruali mtasimama nje.

Paa lifanye mara mbili. Land Rover za zamani za nchi za joto zilikuwa na bati la pili juu ya paa, limeachana na la chini kwa nafasi ndogo, hewa inapita katikati. Fanya vivyo hivyo: bati jembamba jeupe, inchi moja na nusu juu ya paa, limeshikwa na vipande vya skwea paipu, mbele na nyuma wazi. Jua la Septemba na Oktoba linaishia kwenye bati la juu. Jioni mkiingia mtahisi tofauti kwa ngozi yenyewe.

Hewa ndilo jambo ninalowaomba wote mlishike hata mkisahau mengine. Bodi ya futi sita kwa nne yenye kimo cha futi nne, kabla ya kuipanua, ina hewa ya mita za ujazo 2.7 tu, na mko wawili usiku kucha. Toboa tundu la sentimita 10 kwa 20 chini karibu na sakafu upande mmoja, na jingine la ukubwa huo juu karibu na dari upande wa pili. Hewa baridi inaingia chini, hewa ya joto na pumzi inatoka juu. Weka wavu wa mbu na kwa nje kikofia cha bati cha kuzuia mvua, lakini usiweke kifuniko kinachoweza kufungwa kabisa. Kikiwepo, usiku wa baridi mtu atakifunga.

Matundu hayo hayo ndiyo dawa ya unyevu. Gusa dari la bodi ya chuma alfajiri moja ya Juni, mkono unarudi umelowa. Ni pumzi zenu zilizokutana na bati la baridi. Maji hayo yanateremka ukutani na kuingia chini ya godoro, na godoro lililolazwa juu ya ubao mtupu linaota ukungu upande usiouona. Weka chaga, ziachane vidole viwili vitatu, godoro lipumue kwa chini.

Vumbi linaingilia mlango wa nyuma, hata kama nyuma ndiko mnakotoka. Tela likienda, hewa ya nyuma yake inavuta kuelekea ndani, na vumbi la barabara ya changarawe linafuata kila upenyo. Ziba mlango kwa mpira mzima wa mlango wa gari, siyo vipande vipande. Kisha toboa dirisha dogo mbele, juu, lenye kitambaa cha kuchujia, mlifungue mkiwa safarini. Hewa inayoingizwa na mwendo itaijaza bodi na kusukuma vumbi nje. Lile tundu la chini lizibeni kwa kitambaa wakati wa safari na mkitoe mkifika, kabla hata hamjashusha vyombo.

Rangi: nyeupe, krimu au kijivu chepesi. Buluu usithubutu, wala nyeusi. Mitego ya mbung'o inatengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo zinamvuta, na yeye hufuata hata gari linalotembea. Nyuki nao huudhiwa na rangi nzito, hilo unalijua kuliko mimi. Asali msiiweke mnapolala hata ikiwa kwenye ndoo iliyofungwa. Tone moja likimwagika kwenye mbao, kesho nyuki wako mlangoni na usiku siafu wanapanda tairi. Ndoo zikae kwenye Hilux.

Miguu minne ya kukunja, moja kila kona, siyo jambo la hiari. Bila miguu, wa kwanza kukaa nyuma anainua drobaa na bodi nzima inapinduka kisogo. Na kabla ya kuteremsha miguu, weka gogo mbele na nyuma ya kila tairi.

Mwisho makaratasi. Tela lina usajili wake lenyewe, kwa hiyo kabla ya kubadilisha bodi pita TRA na kwa trafiki uulize ukaguzi wanaotaka. Taa za nyuma, za breki na za kukata kona zifanye kazi zote, stika za kuakisi mwanga ziwepo, na cheni mbili za usalama zivukane chini ya drobaa ili ikichomoka kwenye gari idondokee juu ya cheni badala ya lami. Kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, cha kuingia hifadhi ya msitu unacho kwa ajili ya mizinga. Waeleze na kwamba mtalala huko. Na tela likitembea, asiwemo mtu ndani.

Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, tunakaa Kaliua. Tumejenga tela la kulala, bodi ya bati, ili twende Kigoma kwa watoto taratibu kupitia Uvinza. Mwenzangu anasikia baridi sana. Nafikiria kuweka jiko la gesi ndani, na usiku tuingize jiko la mkaa likishakolea na moshi kwisha, litutie joto kabla ya kulala. Tuliweke kona ipi lisiunguze godoro? (Mwalimu mstaafu, Kaliua)

Nzuri, mwalimu. Hakuna kona.

Naomba usome taratibu na mumsomee na mzee. Mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio hatari kuliko wote, kwa sababu macho hayawashi na mtu anaona pako salama. Mkaa ukiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo, na damu ikishajaa gesi hiyo haibebi tena hewa unayovuta. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hasikii chochote, na haamki. Watu wamefia kwenye vyumba vya nyumba, vyenye dari na madirisha. Tela lenu ni dogo kuliko kabati za nyumba nyingine.

Msiseme tutafungua dirisha kidogo. Msiseme tutalitoa kabla usingizi haujatuchukua, maana usingizi huo ndiyo gesi yenyewe. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto. Jenereta likae mbali, upande ambao upepo hauleti moshi wake kwenye matundu, na msiache gari likiunguruma mbele ya tela mkiwa mmelala. Kuna vikengele vya kugundua gesi hiyo. Mkivipata fungeni kimoja, ila kisiwape ruhusa ya kuingiza jiko.

Gesi ya kupikia nayo nje. Ikivuja ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni pale pale mlipotandika. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kikapu cha chuma juu ya drobaa, umefungwa mkanda, na jiko liwe nyuma. Wamarekani walianza kujenga vitela vya kulala vya namna hii miaka ya 1930, na jiko lao waliliweka kisogoni, chini ya kifuniko kinachofunguka kwenda juu, mpishi akiwa amesimama nje. Ndani kulikuwa na godoro tu. Mimi naona ndio ujenzi bora hata leo: kifuniko kikifunguka kinakuwa kibaraza, mvua haikulowi, na harufu ya kitunguu haiingii kwenye mashuka.

Baridi ya mzee ina dawa nyingine. Joto lake linapotea zaidi kwa chini kuliko juu, kwa hiyo chini ya godoro tandika mkeka na blanketi la zamani. Chemsha maji, jaza chupa imara ya kuhifadhia maji moto, ikaze kifuniko, izungushe taulo, iweke miguuni pake nusu saa kabla hajalala. Soksi za sufu, kofia ya kufuma, na chai ya tangawizi nje mkiangalia nyota. Kuta za bati mtupu ziwekeeni povu na plaiwudi kama nilivyomweleza ndugu wa Sikonge.

Njiani laleni mahali penye watu: kituo cha mafuta, misheni, au kijijini baada ya kumwona mtendaji. Mkishavuka daraja la Kikwete pale Malagarasi mpumzike, na Uvinza mwachukulie watoto chumvi.

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi kijana hapa Nzega. Nimemjengea mteja tela la kulala: kitanda mbele, nyuma tangi la maji la lita 60 na kabati la vyombo. Kwenye lami akifika spidi 70 linaanza kupiga mkia, linavuta gari kushoto kulia. Yeye analaumu springi. Jambo la pili, nikichomelea paipu zenye zinki usiku napata homa na kutetemeka, asubuhi imeisha. Ni malaria? (Fundi, Nzega)

Marahaba, mwanangu. Springi hazina kosa. Kosa ni tangi.

Lita 60 ni kilo 60, umeziweka mwisho kabisa wa tela, na kabati juu yake. Nyuma imeelemewa, drobaa imekuwa nyepesi, na tela lenye drobaa nyepesi linapiga mkia kila spidi ikipanda. Drobaa inatakiwa kukikandamiza kichwa cha kuvutia cha gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 500 likandamize kilo 50 hadi 75. Kwenu mizani ya jukwaa ya kupimia magunia haikosekani. Pakia tela kama linavyosafiri, tangi likiwa limejaa, zuia matairi, kisha laza ncha ya drobaa juu ya gogo lililosimama kwenye mizani hadi tela likae sawa na ardhi. Soma, toa uzito wa gogo. Nina hakika utakuta chini ya kilo 30.

Hamishia tangi mbele kidogo ya ekseli, chini sakafuni. Kabati libebe vyepesi, masufuria na nguo. Ukikuta bado haitoshi, rudisha ekseli nyuma kwa sentimita chache. Kama springi umezifunga kwa yuboliti siyo kazi ya siku mbili. Mwambie mteja akague na upepo wa matairi. Na siku likianza kupiga mkia, aachie mafuta taratibu, ashike usukani unyooke, asikanyage breki kwa nguvu na asijaribu kulifuata tela kwa usukani.

Homa yako: siwezi kukupima kwa barua, nenda kituo cha afya upimwe malaria. Lakini homa inayokuja saa chache baada ya kuchomelea zinki na kuisha kesho yake tunaijua mafundi, ni mafusho ya zinki. Wengi wetu tulilelewa kwa kuambiwa tunywe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, mafusho yamekwenda mapafuni. Kwangua zinki kwa grenda mahali pote utakapochomelea, barakoa ikiwa usoni, chuma kionekane cheupe. Chomelea nje, upepo ukipita ubavuni mwako, usiinamie moshi. Ukimaliza paka rangi yenye zinki pale ulipokwangua. Wewe bado kijana, mapafu hayo unayahitaji miaka mingi.

Fundi, tela ninalo tayari. Sola ya wati ngapi itanitosha kwa taa mbili, simu mbili na feni ndogo? (Mkulima wa tumbaku, Urambo)

Taa mbili za wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 40. Simu mbili, kama 30. Feni ya volti 12 yenye wati 10 ikizunguka saa nane, 80. Jumla 150 kwa siku. Paneli ya wati 50 kwenye jua letu zuri itakupa hizo na ziada kidogo, lakini vumbi na mawingu vinakula, kwa hiyo chukua ya wati 100 ulale kwa amani. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 50 ina wati-saa 600. Usiitumie zaidi ya nusu, nusu hiyo ni usiku mbili. Ifungie kwenye kisanduku cha nje chenye matundu kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Fyuzi iwe jirani kabisa na betri, siyo mwisho wa waya.

Paneli usiipige skrubu kwenye paa. Mtu mwenye akili anaegesha tela chini ya mwembe, na paneli chini ya mwembe haina kazi. Iache huru, na waya mnene wa mita kama tano, uitoe juani na kuigeuza mchana.

Niko Kigoma, nina IST. Inaweza kuvuta tela la kulala la watu wawili? (Msomaji, Mwanga)

Hapana, siwezi kukushauri hivyo. IST ina injini ndogo, nyingi ni za cc 1300 au 1500, na barabara zenu zina vilima ambavyo sisi wa Tabora hatunavyo. Kupanda, mafuta ya gia otomatiki yatachemka; kushuka, breki ndogo zitabeba gari na tela lisilo na breki. Fungua kitabu cha gari. Kama hakitaji uzito wa kuvuta, chukulia kwamba halikutengenezwa kuvuta.

Tafuta mwenzako mwenye pikapu mjenge kwa pamoja, tela liwe la zamu. Gari lake likiwa limepakiwa mizigo ya safari, pima kutoka ardhini hadi juu ya kichwa cha kuvutia, kisha nitumie kipimo hicho na aina ya gari. Nitawachorea drobaa inayofuata kimo hicho, tela likae sawa tangu siku ya kwanza.